Mzee Aliyesahihisha Pembe za Maksai Wangu

Mchezo wangu niliutunga kwa nia moja: kumwaibisha baba yangu mdogo mbele ya watu wanaomjua. Mengine yote niliyaongeza ili watu wakae vitini mpaka zamu yake ifike. Kuna nyanya anayegombana na redio kwa sababu haimjibu. Kuna mbuzi aliyekula cheti changu cha kuzaliwa siku moja kabla ya kuandikishwa shule. Kuna mwalimu mkuu aliyehesabu wanafunzi kwa kuhesabu miguu na kugawanya kwa mbili. Watu huyacheka hayo, nami hufurahi, lakini wakati wote huo namngoja yeye aingie.

Jukwaani niko peke yangu. Nina shuka, koti kuukuu la suti, na ekicholong, kile kigoda kidogo ambacho wazee wetu hukikalia mchana na kukilalia kichwa usiku. Sikuwa peke yangu kwa kupenda sifa. Miaka kadhaa nilizunguka na kundi lililoigiza vitabu vya fasihi katika shule za sekondari, kuanzia Kitale mpaka Voi. Nilibeba maleba na kucheza askari wa pili. Nilichojifunza ni kwamba waigizaji sita hawawezi kukubaliana hata juu ya mahali pa kunywa chai. Kabla ya hapo nilikuwa mlinzi Eldoret, mpakiaji wa samaki Kalokol, na mtu wa kukaa nyuma ya lori, nikitazama barabara ikirudi nyuma. Sijawahi kumaliza miaka miwili katika chumba kimoja. Watu huniuliza natafuta nini. Nilikuwa nawajibu kwa mzaha, kwa sababu jibu lenyewe lilikuwa ng'ombe, na ng'ombe huyo alikwisha kuliwa.

Kwetu Turkana kijana anayeanza kuwa mtu huwa na maksai wake mmoja. Huyo hauzwi wala hachinjwi ovyo. Pembe zake hufundishwa zikiwa changa, kwa kufungwa kamba ya ngozi na kugongwagongwa kwa jiwe, siku baada ya siku, mpaka zichukue umbo analolitaka mwenyewe. Kijana humtungia wimbo. Akicheza ngoma, huinua mikono iwe pembe za maksai wake, na watu wakiiona mikono hiyo hata kwa mbali hujua ni nani. Huinui pembe za ng'ombe wa mwenzako, kama usivyoweza kuvaa uso wake.

Wangu alikuwa wa kijivu, tumbo jeupe, na begani alikuwa na doa jeusi la ukubwa wa kiganja. Baba alinipa akiwa ndama, mwaka mmoja kabla hajafariki. Tulimfundisha pamoja. Pembe ya kushoto tuliishusha ikapita juu ya jicho, ya kulia ikaelekea mbele kama mkono unaoonyesha njia. Wimbo niliutunga nikiwa na miaka kumi na minne. Haukuwa wimbo mzuri sana, lakini ulikuwa wangu.

Baba alipofariki, mifugo yote na sisi wenyewe tulikwenda chini ya mdogo wake. Nilikuwa kidato cha tatu Lodwar shule zilipofungwa, nikapata lori mpaka Kakuma, kisha nikatembea. Baba mdogo alinipokea vizuri. "Ejok, msomi!" alisema, akanitandikia ngozi nilale. Nilikuwa nimechoka, nikalala papo hapo. Asubuhi jua lilipoingia kati ya matawi nikaitazama ngozi niliyoilalia. Ilikuwa ya kijivu, nyeupe upande wa tumbo. Kiganja changu kilikuwa juu ya doa jeusi, na kililingana nalo.

Nilitoka nje nikamuuliza maksai wangu yuko wapi.

"Maksai gani?"

"Wangu. Wa kijivu."

"Wewe ni mtoto wa kalamu," alisema, akitema tumbako. "Ulikuwa na ng'ombe lini?"

Baadaye ndipo nilipojua. Mgombea wa kiti fulani alikuwa amepita kuomba kura, na baba mdogo alikuwa amesikia kwamba mgombea akishinda atahitaji mtu wake huku. Alitaka kumchinjia mgeni mnyama wa kukumbukwa. Alimchagua maksai wangu kwa sababu mwenyewe sikuwapo. Mgombea alikula ini, akapiga picha, akashindwa uchaguzi.

Hayo ningeweza kuyabeba. Nisichoweza kukibeba kilitokea alasiri ile. Wanaume walikuwa wamechoma mbuzi na wamekaa nusu duara, kila mmoja mahali pa rika lake. Nikasogea ukingoni wanapokaa vijana. Baba mdogo akaniona, akasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Huyu naye anakaa hapa kwa maksai gani? Hebu aimbe, tusikie anaimba nini." Wakacheka. Niliwatazama mmoja mmoja. Baadhi yao walikuwa wameila nyama ile, na walicheka zaidi. Mama aliniambia, "Nyamaza, huyo ndiye baba yako sasa." Baada ya siku tatu niliondoka, na kwa zaidi ya miaka ishirini pale nyumbani ilisemwa kwamba sikuwahi kuwa na ng'ombe, kwamba nilitoroka kwa sababu shule ilinivuruga akili.

Kwa hiyo nikaunda mchezo.

Lodwar niliuonyesha katika ukumbi wa kanisa moja, Jumapili mchana. Walikuja walimu, wafanyakazi wa ofisi za kaunti, wauguzi, na akina mama wa soko waliokuwa wametoka ibadani. Nilipovaa koti la suti juu ya shuka, katika joto lile, na kuanza kutembea kama baba mdogo, mguu mmoja ukitangulia na mwingine ukiburuzwa kama unamdai, ukumbi ulilipuka. Kipande chake kinaanza akifanya mazoezi ya Kiswahili cha kumkaribisha mgombea, na anayemfanyia mazoezi ni beberu. "Karibu mheshimiwa! Hapa ni kwako. Maji hakuna, barabara hakuna, lakini ni kwako!" Beberu hamjibu. "Mheshimiwa, mbona wanuka hivyo? Ni safari?" Kisha anachinja, kisha anangoja cheo. Anangoja mpaka koti linamezwa na mchwa.

Baada ya mchezo mama mmoja mnene, muuza vikapu, alinifuata nje.

"Huyo mzee wa koti ni wa upande wa Kakuma," alisema. "Usinidanganye. Ule mguu ninaujua."

"Unamjua?"

"Dada yangu ameolewa huko. Nitamwambia huyo mzee kwamba anaigizwa."

"Mwambie, mama. Mwambie nakuja Kakuma."

"Hutaki nimfiche?"

"Usimfiche chochote."

Akacheka. "Wewe una moyo wa ngamia."

Wiki mbili baadaye nilifika Kakuma. Ndani ya kambi ya wakimbizi kuna mtu wa Sudan Kusini mwenye banda la mabati ambamo watu hutazama mpira. Ni mrefu mno, huinama mlangoni mwa banda lake mwenyewe. Aliwahi kuuona mchezo wangu kwenye simu ya mtu. Alisema angenipa banda kwa alasiri moja kwa sharti kwamba watu wa nje ya kambi waingie pamoja na wa ndani. Nikamwambia hilo ndilo ninalolitaka. Tulipokuwa tukipanga viti vya plastiki nilimweleza habari ya maksai. Alisimama, akaweka kiti chini.

"Kwetu mtu akikula ng'ombe ya wimbo ya mtu," alisema, "watu inakufa."

"Mimi sitaki afe. Nataka aseme."

"Aseme nini?"

"Kwamba nilikuwa na maksai. Mbele ya wazee wa rika lake."

"Atakataa."

"Hatakataa," nilisema, na kwa mara ya kwanza nikamweleza mtu mpango wangu. Lodwar nilikuwa nimeinua pembe sawasawa, ya kushoto juu ya jicho, ya kulia mbele. Hapa ningekosea. Mchungaji wa kwetu anaweza kuvumilia njaa, matusi na mwaka usio na mvua, lakini hawezi kuketi kimya akiona pembe za ng'ombe anayemjua zikionyeshwa vibaya. Yule Msudani alicheka mpaka akashika nguzo ya banda.

Baba mdogo alikuja. Alikuja mapema, akifuatana na wazee wanne, na alikuwa amevaa koti. Niliambiwa kwamba wiki nzima alikuwa akitangaza kuwa ametungiwa mchezo. Aliweka kigoda chake mbele kabisa, akapita viti vya plastiki kama haviko. Alikuwa amekonda. Jicho moja lilikuwa limefunikwa na ukungu. Nilipochungulia nyuma ya pazia, nusura nimhurumie, nikajikanya papo hapo. Nilijiambia kwamba kuzeeka si kuomba msamaha. Kando yake aliketi mzee wa rika lake, mwenye sauti nzito na boma lake ng'ambo ya Tarach, mto wetu mkavu. Mwaka ule wa uchaguzi alikuwa mbali mpakani na ngamia wake. Hakuila nyama ile, na hakuwahi kuambiwa ukweli. Huyo ndiye niliyemtaka zaidi.

Banda lilijaa. Wachuuzi wa Kikongo waliketi na vikapu vyao mapajani, vijana wa Sudan Kusini walisimama nyuma kwa sababu hakuna kiti kilichowatosha. Nyanya wa redio alipita, mbuzi akala cheti, mwalimu mkuu akahesabu miguu. Kisha nikaingia nikiwa mimi mwenyewe, kijana wa miaka kumi na minne, nikasema, "Sasa mtamwona maksai wangu." Nikainua mikono yote miwili, imenyooka juu kama nguzo za goli.

Vijana wa nyuma walipiga mayowe. Wao nao wana ng'ombe wa nyimbo, na mikono yao ikapanda juu ya vichwa vya watu, kila mmoja na pembe za kwao. Wazee wa mbele walikunja uso. Baba mdogo alijigeuza juu ya kigoda.

Nikaikunja mikono nyuma, kama pembe za mbuzi.

"Hii ni nini?" aliguna mzee wa sauti nzito.

Baba mdogo alitikisa kichwa kwa nguvu. Midomo yake ilikuwa ikisogea. Nikazunguka jukwaa, nikakosea mara ya tatu: nikashusha ya kulia badala ya ya kushoto. Na hapo akashindwa.

"Sivyo!" alisema kwa Kiturkana, akiwa amesimama. "Wewe mtoto, sivyo! Ya kushoto ndiyo ilishuka! Ya kulia ilikwenda mbele!"

"Hivi, apa?" nilimuuliza, nikimwita baba kwa lugha yetu.

"Ondoka hapo. Utawaharibia watu macho."

Yule Msudani alipaza sauti kutoka mlangoni: "Mzee, panda juu utuonyeshe!" Na watu wakapokea: "Panda! Panda!" Akapanda. Alivua koti, akanipa nilishike kama mtu wa kutundikia nguo, akainua mikono.

Sikuwa nimejiandaa kwa nilichokiona. Mkono wa kushoto ulishuka ukapita juu ya lile jicho la ukungu, wa kulia ukaelekea mbele, na shingo yake ikabeba uzito ambao haukuwapo. Alikuwa yeye, maksai wangu, mpaka ile tabia yake ya kuyumba kidogo upande wa kulia kabla ya kupiga hatua. Mzee alipiga kishindo kwa mguu, akakoroma puani, kisha akaanza kuimba. Aliimba wimbo wangu. Ule ule wa miaka kumi na minne, na ule mstari wa tatu uliokuwa mrefu mno kwa pumzi. Aliujua wote. Siku aliponiambia nikaimbe mbele ya watu alikuwa akiujua wote.

Watu walipiga makofi. Alikuwa ananipokonya hata jukwaa. Nilishika koti lake na kungoja, kwa sababu nilijua wazee hawajapiga makofi.

"Hiyo ng'ombe ni ya nani?" aliuliza mzee wa sauti nzito.

Baba mdogo, mikono bado juu, pumzi zikimtoka, akajibu bila kufikiri: "Ni ya huyu mtoto."

"Mtoto gani?"

"Huyu. Ya kijivu. Ile marehemu ndugu yangu alimpa."

Nilimwona akisikia alichokisema.

"Wewe ulituambia huyu hakuwahi kuwa na ng'ombe," alisema yule mzee, polepole, kwa sauti iliyofika mpaka kwa wachuuzi. "Miaka yote hii. Mimi nimemwita huyu mwendawazimu kwa mdomo wangu. Ilikwenda wapi?"

Mtu mmoja alitafsiri kwa Kiswahili, mwingine kwa Kiarabu cha Juba, na banda zima likashika swali: "Ng'ombe iko wapi? Iko wapi?" Vijana wa nyuma walilipigia makofi kama wimbo. Baba mdogo alikuwa hajashusha mikono. Labda hakujua aipeleke wapi.

"Tulikula," alisema.

Kicheko kilichofuata sijawahi kukisikia tena jukwaani. Mabati yalilia. Wazee tu ndio hawakucheka. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, na ningeweza kuishia hapo, nishukuru watu na kuinama. Sikuishia hapo. Nilivaa koti lake, koti lenyewe, lililokuwa bado na joto la mwili wake, nikacheza kipande chote cha mgombea naye akiwa amesimama ubavuni mwangu. Nilimkaribisha beberu. Nilichinja. Nilingoja cheo. Kila nilipoburuza mguu watu waliutazama mguu wake. Alijaribu kushuka, nikasimama njiani mwake bila kuacha kuigiza, akarudi. Nilikuwa nikifurahi kwa namna ambayo siwezi kuieleza kwa watu wema. Nilipomaliza nilimvisha koti begani taratibu, kama mtoto mwenye adabu, na hilo likawachekesha kuliko yote.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa nakunywa chai kwenye hoteli ya Msomali karibu na barabara kuu. Yule mzee wa sauti nzito alikuja, akakataa kiti, akachuchumaa.

"Tumekaa na yeye," alisema. "Mtu akila maksai ya mtoto wa ndugu yake, anarudisha. Amekubali. Uende uchague ndama."

Tulikwenda pamoja. Baba mdogo alikuwa amesimama kwenye zizi, bila koti. Hakunisalimu kwa jina la usomi.

"Chagua," alisema. "Lakini utampeleka wapi? Utamlaza Lodwar kwenye chumba cha kupanga? Chagua, halafu mwache hapa. Nitakuchungia."

Ilikuwa hesabu nzuri, na alijua kwamba naiona. Mtu asiye na boma hawezi kuchukua ng'ombe. Ningechagua na ndama angebaki pale pale, na yeye angeendelea kuwa mtu mkarimu. Nikatembea kati ya ndama nikitazama si ng'ombe bali uso wake. Nilipofika kwa mmoja mwekundu mwenye paji jeupe, kidevu chake kilisogea.

"Huyu."

"Huyo bado mdogo. Wako wazuri zaidi."

"Huyu, apa."

"Huyo nimeanza kumwimbia," alisema kwa sauti ya chini.

"Nimesikia. Ndiye huyu."

Nikamgeukia mzee mwenzake, nikamwomba anitunzie ndama katika boma lake ng'ambo ya Tarach. Ng'ombe wa pande zote mbili hunywa kwenye visima vile vile vya mchangani. Baba mdogo angemwona kila siku akinyweshwa na mkono wa mtu mwingine. Mzee akasema, "Haya."

"Na kwenye mchezo?" baba mdogo aliuliza. "Sasa utanitoa?"

"Kaaleng wananingoja Jumamosi. Lokitaung baadaye. Huko hawajakuona bado."

Nilifunga kamba shingoni mwa ndama, nikavuta. Ndama akatia miguu mchangani. Nikavuta tena, nikasukuma, mzee mwenzake akapiga kelele, ndama akalala chini. Mimi, mwana wa wachungaji, nilikuwa nimesahau namna ya kumsogeza mnyama asiyenijua. Tulihangaika hivyo mpaka jasho likanitoka, na baba mdogo akitazama.

Mwishowe alipita mbele yetu, akapiga mluzi kidogo kati ya meno, akaanza kuvuma wimbo kwa sauti isiyokuwa na maneno. Ndama alisimama mara moja, akamfuata. Ningeweza kumwambia anyamaze, kwamba nitajua mwenyewe. Sikumwambia. Nilimwacha atangulie, mguu mmoja ukiburuzwa, tukavuka mchanga wa Tarach mbele ya wanawake waliokuwa wakichota maji, yeye akimwimbia ndama wake amfuate mpaka kwenye boma la mtu mwingine, nami nyuma na fimbo.

Mzee wa sauti nzito aliondoa matawi ya mwiba mlangoni. Ndama aliingia. Baba mdogo alibaki nje, bado anavuma, na ndama akageuka kumtazama. Nikayashika yale matawi kwa mikono yangu, yakanichoma, nikayavuta mpaka mlango ukafungika.

"Imba kidogo zaidi," mzee alimwambia kutoka ndani, "azoee."

Akaimba.